Majuto ya Msomaji: Juu ya Rosa Mistika na Kichwamaji

Lugha yetu ina maneno mengi ya moyo ulioumizwa, na mhakiki asiyeyapambanua hawezi kupima vema yale wasomaji wayasemayo juu ya vitabu. Kuhuzunika ni hali. Humpata mtu kama mvua impatavyo msafiri njiani. Kusikitika kwaelekea nje kidogo, maana mtu husikitika kwa ajili ya jambo fulani, au humsikitikia mwenziwe. Kujuta si kama hayo. Mtu hajuti kwa kufiwa; hujuta kwa kuwa hakwenda kumtazama mgonjwa alipokuwa hai. Kujuta kwataka tendo, na tendo hilo sharti liwe la mwenye kujuta mwenyewe. Ndiyo sababu majuto yana sarufi yake: laiti, na kitenzi chenye -ngali-, vikirudi nyuma kushika jambo lisiloshikika tena. Mithali huyaita mjukuu kwa kuwa huzaliwa nyuma sana ya tendo lililoyaleta.

Kwa hiyo msomaji asemapo, 'Najuta kuisoma riwaya hii,' amesema neno zito kuliko tudhanivyo. Hakusema kwamba riwaya ni mbaya. Hakusema hata kwamba imemhuzunisha. Amesema kwamba kusoma kwake kulikuwa tendo, kwamba tendo hilo limemwachia kitu ambacho hawezi kukirudisha, na kwamba lau angalipewa tena siku ile asingalifungua kitabu. Neno hili nimelisikia likisemwa juu ya riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi zaidi ya riwaya nyingine zozote za Kiswahili, nazo ni Rosa Mistika na Kichwamaji. Wahakiki hawalipi nafasi. Huliona kuwa ni neno la wasomaji wachanga wasiozoea fasihi kubwa, kisha huendelea na habari za muundo na falsafa. Mimi naliona kuwa ni hukumu, na hukumu yastahili kusikilizwa na kupimwa, kwani yaweza kuwa ya haki kwa kitabu kimoja na isiwe ya haki kwa kingine. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba majuto ya riwaya hizi mbili si ya aina moja.

Tuanze na yale ambayo msomaji wa Kiswahili alizoea. Si kweli, kama wengine wanavyopenda kudai, kwamba hadithi za zamani zilimtuliza tu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, twamwona mtu mwema akiwapiga viboko manyani wawili kila usiku, kisha akilia juu yao, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Ukiitazama peke yake, picha hiyo yatisha kuliko mambo mengi yaliyomo katika riwaya za baadaye. Adili hawezi kuacha kupiga, maana ameamriwa; hawezi kupiga bila kulia, maana awapenda. Walakini sijapata kumsikia mtu akijuta kwa kuisoma hadithi hiyo. Sababu ni kwamba kila kiboko kina hesabu yake. Hasidi na Mwivu walitenda uovu unaojulikana. Adhabu ilitoka mahali panapojulikana. Na mfalme Rai aingiapo kati, msamaha wapatikana na manyani wawa watu tena. Uchungu umelipwa, na msomaji amepewa stakabadhi. Hata Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, yenye maiti tangu mwanzo wake, haimwachii msomaji deni, kwa kuwa Bwana Msa na kiko chake huja kutueleza jinsi mambo yalivyokuwa, nasi twalala salama.

Msomaji aliyelelewa hivyo ndiye aliyeipokea Rosa Mistika mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020, na kisiwa hicho cha ziwani ndicho alichokitumia kuweka hadithi yake. Rosa ni binti mkubwa wa Regina, mama mvumilivu, na Zakaria, baba mlevi aliyeamua kuwalinda mabinti zake kwa fimbo. Msichana akua akiogopa hata barua ya mvulana. Shuleni kwa masista akuta ulinzi ule ule katika mavazi mengine. Afikapo chuo cha ualimu huko Morogoro ulinzi umeondoka, naye hakufundishwa na mtu ye yote afanye nini bila huo. Yafuatayo yajulikana: wanaume, mimba, kuitoa mimba, jina baya. Mwishowe Charles, aliyempenda tangu zamani, ataka kumwoa. Atambuapo kwamba si bikira amkataa, na Rosa ajiua. Jina alilopewa binti huyu ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Mwandishi halielezi sana jambo hilo, naye afanya vema.

Nani ajutaye hapa, na ajuta nini? Kwanza yatupasa kuutazama usimulizi wenyewe. Msimulizi wa Rosa Mistika hapigi kelele. Sentensi zake ni fupi, hazina pambo, na mambo mazito hupita katika maneno machache kama mambo ya kawaida ya nyumbani. Katika hadithi ya Shaaban Robert kila tendo hufuatwa na neno la busara, na neno hilo humpa msomaji mahali pa kuegemea. Hapa hapana. Msomaji aachwa na tendo peke yake, kisha tendo la pili, kisha la tatu.

Na ni kitu gani kinachomsukuma kugeuza kurasa za katikati, zile za Morogoro? Hebu tuseme kweli. Ni hamu ya kujua nani atafuata. Mwandishi aijua hamu hiyo naye huilisha. Wanaume waja mmoja baada ya mwingine, na kila ajaye huelezwa kwa upesi zaidi kuliko aliyemtangulia, mpaka msomaji azoea. Kisha aja Charles na swali lake la ubikira. Msomaji akereka. Amwona Charles kuwa mtu mdogo, mbinafsi, mpimaji wa watu kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe hakupimwa. Lakini Charles ataka nini ila hesabu? Na hesabu hiyo ni nani aliyeiweka kwa uangalifu tangu Morogoro? Ni msomaji. Tangu kurasa zile za katikati tumekuwa tukihesabu pamoja na majirani, pamoja na wanafunzi wa chuo, tukimchungulia binti wa watu dirishani. Rosa afapo, wako katika kitabu watu wenye kuulizwa kila mmoja kwa sehemu yake: baba kwa fimbo, mama kwa kunyamaza, chuo, wanaume, Charles. Msomaji atafuta mahali pa kusimama nje ya orodha hiyo, na hapaoni.

Hayo ndiyo majuto kwa maana yake kamili. Msomaji wa Rosa Mistika ajuta kuanza. Ajuta kuwa alichungulia. Na kwa kuwa majuto hayo yametokana na kazi ya kitabu chenyewe, wala si na kasoro yake, nayaona kuwa ushahidi wa ubora wake, ingawa msomaji mwenyewe ayatoa kama lawama.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Waliofanya hivyo waliyaona majuto, lakini waliyasoma vibaya. Walidhani kinachodhuru ni yale mambo ya vitandani, ambayo kwa hakika yameandikwa kwa ukavu mkubwa. Mtu aliyetaka kupotoka angalipata vitabu vya kumsaidia zaidi. Kinachosumbua katika Rosa Mistika ni kwamba Zakaria, pamoja na ulevi wake wote, alifanya jambo ambalo wazazi wengi waheshimiwa walilisifu. Alimlinda binti. Kitabu chaeleza kwa utulivu kwamba ulinzi ule wenyewe ndio uliomtupa. Baba mwema aliyesoma mpaka mwisho, kisha akakitaka kitabu kiondolewe mikononi mwa binti yake, alikuwa akifanya upesi kabisa jambo lile lile ambalo kitabu kilimwonya asilifanye. Sikumbuki riwaya nyingine ya Kiswahili iliyothibitishwa na adui zake kwa namna hiyo.

Baadaye marufuku iliondoka, na Rosa Mistika ikaingia miongoni mwa vitabu vya kutahiniwa. Sina hakika kwamba hiyo haikuwa marufuku ya pili, ya kistaarabu zaidi. Mwanafunzi afundishwa kutoa 'dhamira': malezi mabaya, ulevi, nafasi ya mwanamke, athari za mabadiliko. Yote ni kweli, na yote yaweza kukaririwa na mtu ambaye hakusumbuliwa hata kwa dakika moja. Ni samaki aliyetolewa miiba yote kabla hajafika mezani, kisha mlaji aulizwa katika mtihani ataje miiba ni mingapi. Mwanafunzi aliyeinuka darasani akasema, 'Mwalimu, mimi najuta kuisoma,' amekisoma kitabu vizuri kuliko mwenziwe aliyepata alama zote.

Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, ni jambo jingine. Wahakiki walio wengi huiweka juu ya Rosa Mistika, nao wana sababu. Kazimoto, kijana msomi, asimulia habari zake mwenyewe, na sauti yake ni mojawapo ya sauti zilizo hai zaidi katika nathari ya Kiswahili: ya dhihaka, ya kuchoka, yenye akili inayojitafuna. Manase, rafiki yake wa utotoni aliyekwisha kuwa mkubwa serikalini, ampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia afa. Kazimoto aazimia kulipa kisasi kwa njia ile ile, kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Badala yake ampenda, akamwoa. Naona kwamba sehemu hii ya kisasi kugeuka pendo ndiyo bora katika kazi yote ya Kezilahabi. Mwandishi haelezi kugeuka huko, wala hakusafishi. Kazimoto hajui ni lini hasa aliacha kuchukia, na pengine hakuacha kabisa. Yuko mtu ambaye dunia imempa haki ya kutenda uovu, naye ashindwa kuutumia uhuru huo kwa sababu ameona uso wa mtu. Hapo msomaji ana mengi ya kungojea. Watu wawili wamebeba mzigo mzito sana katika ndoa yao: maiti wa dada wa mmoja na dhambi ya kaka wa mwingine. Watasemezana nini?

Hatupati kujua. Manase amepata mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Mtoto wa Kazimoto na Sabina naye aja na ulemavu ule ule, hapati kuishi, na Kazimoto ajiua. Msimulizi aliyetushika mkono tangu mwanzo autoa mkono wake, tukaachwa.

Watetezi wa mwisho huu husema kwamba ni falsafa. Kezilahabi, wasema, alikuwa akiandika katika nuru ya udhanaishi, jirani na Camus na Sartre. Dunia ya Kazimoto haina maana iliyotolewa tangu mbinguni, na mtoto yule ni sura ya upuuzi wa maisha usiouliza nani ana hatia. Nakubali kwamba ndilo alilolikusudia. Ila hoja hii ina shimo. Dunia yaweza kuwa haina sababu, mwandishi anayo. Maradhi yaliyowapata watoto hao hayakutoka katika upuuzi wa ulimwengu, yalitoka katika haja ya kumaliza kitabu. Ndoa ile ilikuwa imekwisha kuwa kubwa kuliko mpango wa riwaya. Kuifuata kungalitaka kurasa nyingine mia, na aina ya subira ambayo Kezilahabi, kwa ajabu ya kipaji chake, hakuwa nayo sana. Basi mzigo uliokuwa mabegani mwa watu wazima wawili ukashushwa na kupewa mtoto mchanga asiyeweza kuukataa.

Jambo hili si geni. Thomas Hardy alifanya hivyo katika Jude the Obscure, riwaya ya mwaka 1895, ambamo mtoto mmoja awaua wadogo zake wawili kisha ajiua. Askofu mmoja wa Uingereza alitangaza kwamba amekitia kitabu hicho motoni, na Hardy, aliyeishi hata mwaka 1928, akageukia mashairi. Askofu yule twaweza kumcheka. Lakini mbali na makasisi na majiko yao, wasomaji wengi wanaompenda Hardy wameiona sehemu ile kuwa ni mahali ambapo mkono wa mwandishi waonekana ukimsukuma mtoto. Huzuni ni yetu, kusukumwa ni kwake. Vivyo hivyo katika Kichwamaji. Msomaji hajuti kuanza. Nani angaijutia sauti ile ya Kazimoto? Ajuta kumaliza. Ahisi kwamba alikopeshwa imani kwa watu wawili, kisha mkopo ukafutwa na mtu asiyekuwamo katika mapatano. Majuto ya namna hii hayatokani na tendo la msomaji, yatokana na tendo alilotendewa, na kwa hiyo, tukifuata sarufi yetu ya mwanzo, si majuto bali ni malalamiko yaliyovaa nguo za majuto. Mhakiki ana wajibu wa kuyavua nguo hizo.

Huenda mtu akauliza: je, mwisho wa Rosa nao si kifo cha kujiua? Kwa nini huo usiwe wa kusukumwa? Kwa sababu kifo cha Rosa chaweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye fimbo ya kwanza, na katika kila hatua yuko mtu aliyeweza kufanya jingine. Mtoto wa Kazimoto harudi nyuma kwa mtu ye yote ambaye tumepewa nafasi ya kuzungumza naye.

Zamani wasomaji wa Kiingereza walitafuta dawa mbili za majuto kama haya. Nahum Tate, mwaka 1681, aliutengeneza upya mwisho wa King Lear, Cordelia asife bali aolewe, na mchezo huo uliotiwa viraka ulitawala majukwaa kwa muda wa miaka mia moja na nusu hivi. Samuel Johnson, alipokuwa mhariri wa Shakespeare mwaka 1765, alieleza kwamba kifo cha Cordelia kilimwumiza sana alipokuwa kijana, hata hakujua kama aliwahi kustahimili kuusoma tena mwisho ule mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Nampenda Johnson kwa hili. Mtu mwenye elimu kuliko wote wa zama zake hakuona aibu kusema kwamba kitabu kilimshinda, wala hakusema kwamba kwa kuwa kilimshinda ni kibaya. Dawa ya Tate ni ya mtu aonaye kidonda akapaka rangi juu yake. Sisi hatukuwa na Tate wa Rosa Mistika, ila tulikuwa na miongozo ya mitihani, nayo ilifanya kazi ile ile bila kugusa herufi moja ya kitabu.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, binti mwingine, Maimuna, afungiwa na baba yake, Maksuudi, atoroka, azama katika danguro na ulevi, kisha arudi. Ukiziweka riwaya hizi mbili pamoja huwezi kuacha kuona kwamba zajibizana, iwe waandishi walikusudia au hawakukusudia. Wasomaji hawaijutii Utengano. Wengine wameihesabu rehema hiyo kuwa udhaifu. Siyo hivyo moja kwa moja. Maimuna arudi akiwa amechakaa, na mwandishi hamrudishii alichopoteza. Ila ni kweli kwamba msomaji wa Utengano apewa mahali pa kusimama, kando ya njia, akimngoja arudi. Rosa hakumwachia msomaji mahali hapo, na ndiyo sababu miaka mingi baadaye Rosa ndiye atajwaye kwa sauti ya chini.

Limebaki neno moja la lugha. Kutubu ni kujuta pamoja na kugeuka; mwenye kutubu huacha. Wajutao kuisoma Rosa Mistika hawatubu. Nimewaona wakisema, 'Kitabu kile kilinikosesha usingizi,' na katika pumzi ile ile wakimwambia mwenzao, 'Nitakuazima.' Lau ingalikuwa sumu wangaliificha. Hawaifichi, wataka mwingine naye achungulie, ili wasiwe peke yao dirishani. Kwa Kichwamaji mambo ni tofauti: huazima kitabu, kisha humwonya mtu juu ya mwisho wake.

Nagona, ya mwaka 1990, na Mzingile, ya mwaka 1991, hazijapata kunifikia kwa neno hili la majuto. Ni vitabu vyembamba, vigumu, vya ndoto na mafumbo, na mtu avikunjapo husema, 'Sikuelewa,' au husema, 'Nimeelewa,' kwa sauti ya mtu aliyepita mtihani. Hakuna Rosa ndani yake, hakuna mtu wa kumchungulia. Wako wasemao kwamba hapo ndipo Kezilahabi alipopevuka. Mimi nadhani alikuwa amechoka kutazamwa na wasomaji waliojuta, na mtu aliyewaumiza watu wengi hivyo kwa kitabu chake cha kwanza hawezi kulaumiwa kwa kutafuta msitu.